Barua kwa mwanangu aliye Tabora: presha haingoji upate nafasi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku wazima wote, alhamdulillah. Mvua zimekolea, wenye mashamba ya mpunga bonde la Luiche hawalali, na baba yako mkubwa anakusalimia wewe, mkeo na wajukuu zangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikupigia simu jambo hili unalikata kwa maneno yaleyale: "Sawa mama, kazi zikipungua nitaenda." Kazi hazipungui, mwanangu. Una hesabu za kufunga kila mwisho wa mwezi, una watoto wa shule, una ile nyumba ambayo bado iko kwenye lenta. Mwakani kutakuwa na mengine. Ninachokuomba ni uiingize afya yako ndani ya siku hiihii uliyonayo, hivyohivyo ilivyojaa, na uanze kwa kuijua presha yako.

Ulipokuja kwenye arobaini ya shangazi yako nilikupima jioni ulipofika, nikakupima tena asubuhi kabla hujanywa chai. Jioni mashine ilisoma 156 kwa 98. Asubuhi, umeshalala, umetulia kitini, 150 kwa 96. Ukaniambia ni uchovu wa treni. Treni inachosha, sikatai. Lakini siku ile tulipopanda kutoka stesheni kwenda Mwanga ulisimama chini ya mwembe ukawa kama unatazama ziwa, na mimi niliyekuzaa nilijua unatafuta pumzi. Una miaka 39. Kuhema vile huenda ni mwili uliokosa mazoezi, na presha ni jambo jingine, ila yote mawili yanalelewa na maisha yaleyale ya kushinda kitini kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Kipimo cha juu kikifika 140 au zaidi, au cha chini kikifika 90 au zaidi, kikajirudia siku tofauti, huo ndio ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Sisemi unao. Vipimo viwili vya sebuleni kwangu havitoshi kusema hivyo, lakini vinatosha kukutoa ofisini asubuhi moja ukapimwe sawasawa. Kadi ya bima unayo.

Watu wanadhani presha ikipanda mtu ataumwa kichwa, ataona kizunguzungu, moyo utamwenda mbio. Wengi hawasikii kitu. Miaka niliyofanya kazi zahanati nimewaona sana wanaume waliokuja kusindikiza wake zao kliniki. Unamwambia, "Na wewe baba, kaa hapa nikupime," anacheka, anakaa, na mashine inasoma namba za kukufanya uinuke ukamwite daktari. Alikuwa mzima machoni pa watu na machoni pake mwenyewe. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe anakula, anacheka, anakwenda kazini. Inayoumia ni mishipa midogo ya figo, ya macho na ya ubongo, na moyo unaolazimika kufanya kazi ya ziada. Kuna wanaokuja kujua siku ya kiharusi.

Baba yako mkubwa unamjua alivyokuwa, mtu wa kuvuta mtumbwi wa dagaa mpaka mchangani bila kuita msaidizi. Sasa asubuhi anavaa shati peke yake. Anabana upindo kwa kidevu, anasukuma kifungo kwa kidole gumba cha kushoto, kinaponyoka, anatulia kidogo, anaanza upya. Hataki kusaidiwa. Mimi hungoja jikoni mpaka amalize ndipo nipeleke chai, asije akaona namtazama. Yeye aliambiwa mapema kuwa ana presha. Akapewa dawa, akanywa, akajisikia vizuri, akaona amepona, akaacha. Dawa za presha zinaishusha siku unazozinywa, na ukiziacha inapanda tena. Na ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Wewe ni mtoto wa ndugu yake, tumbo moja na baba yako. Kwa hiyo usijilinganishe na wafanyakazi wenzako wanaokula kama wewe na hawana neno.

Hapohapo nikukumbushe, na mkeo umwambie pia: mdomo ukienda upande ghafla, au mkono ukilegea, au ulimi ukawa mzito, mtu hupelekwa hospitali saa ileile. Hachuliwi mafuta kwanza, hangojewi kupambazuke.

Sasa namna ya kupima, kwa sababu hata vituoni mtu hufika anahema akapimwa papo hapo amesimama. Usikubali, omba ukae kwanza. Nyumbani vilevile. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa. Nenda haja ndogo. Kaa dakika tano umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umeulaza juu ya meza usawa wa moyo, mkanda uwe juu ya ngozi na si juu ya shati. Usizungumze, na simu iweke mbali. Pima, ngoja dakika moja au mbili, pima tena, andika zote. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha daftari hilo ulipeleke hospitali ya Kitete au kituo chochote kilicho karibu nawe. Daktari akiliona ataamua vizuri kuliko kwa kipimo kimoja ulichopimwa ukiwa na wasiwasi wa foleni. Mwambie akupime na sukari, kabla hujala kitu. Sukari ya asubuhi ikifika 7.0 au zaidi, nayo itahitaji kurudiwa siku nyingine.

Nije kwenye mazoezi, ambayo ndiyo unayonijibu kwa neno muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na akifika 300 ni bora zaidi. Kutoka kwako Isevya mpaka ofisini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiyeburuta miguu. Asubuhi peke yake, siku tano za kazi, ni dakika 150 kamili. Jioni, jua la Tabora likiwa bado kali au kazi zimekuchelewesha, panda bodaboda yako urudi, sitakulaumu. Jua likipoa, rudi kwa mguu. Hapo hujalipia jimu, hujaamka saa kumi alfajiri, na hujamnyang'anya mtu yeyote muda wake. Umebadilisha tu namna ya kufika mahali ambapo ungefika vyovyote vile. Viatu vya ofisini viache ofisini, njiani vaa raba. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini usiweze kuimba.

Najua kitakachokuzuia si umbali. Utaona haya kwamba mkubwa wa kitengo anakuja kazini kwa mguu na begi mgongoni, wakati vijana wake wanashushwa na pikipiki getini. Hilo nalichukulia kwa uzito, maana watu wanasema. Lakini Tabora nzima watu wazima wenye heshima zao wanaendesha baiskeli, ardhi yenyewe tambarare, si kama huku kwetu ambako kila njia ni kupanda au kushuka. Ukiona kutembea kunakushushia hadhi, chukua baiskeli. Siku mbili kwa wiki fanya na mazoezi ya nguvu hapo nyumbani: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, hata kuchota maji kisimani na ndoo mbili. Misuli tusipoitumia hupungua kadiri umri unavyokwenda, na wewe unakaribia 40.

Kuhusu mpira wa maveterani: ucheze, lakini usiwe ndio mazoezi yako yote. Mtu anakaa kitini siku tano, Jumamosi anakwenda kwenye bonanza anakimbia kama ana miaka 20, Jumapili hainuki kitandani. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mkeo aliniambia baada ya mechi unameza diklofenaki, na kichwa kikiuma unameza tena. Dawa hizo za maumivu, pamoja na ibuprofeni, zinapandisha presha na zinaumiza figo zikitumiwa ovyo. Kwa mtu ambaye mashine imesoma 150, huko ni kuongeza moto. Acha. Daktari ukimwona, mtajie kila kidonge unachonunua dukani na kila mzizi unaochemshiwa.

Jambo jingine la nyumba zetu huku magharibi ni malaria. Ipo, inaua, na chandarua ulale ndani yake kila usiku. Lakini imekuwa kisingizio cha kila uchovu. Ukilegea, malaria, kichwa kikiuma, malaria, unanunua dozi unameza bila kupima, na ugonjwa wenyewe unabaki. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidoleni na majibu ni ndani ya dakika 20 hivi. Kikisema huna, basi uliza kwa nini umechoka.

Chakula sitakusumbua sana, mkeo anapika vizuri kuliko nilivyopika mimi. Nitasema chumvi. Wewe umekulia kwenye mkoa wa chumvi. Ya Uvinza ilikuwa inachemshwa na kuuzwa kabla hata misafara haijafika Ujiji, na sisi tumezoea chakula kikali. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kisizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo mna ile ya kwenye mboga, ya kwenye dagaa waliokaushwa na chumvi, na ya vile viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Kile kikopo cha chumvi mezani kiondoe kabisa. Dagaa wa chumvi waloweke, mwaga maji, osha tena. Tumia ndimu na pilipili. Mwezi mmoja ulimi utazoea.

Soda ya mchana pia. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na wewe unainywa kama maji ya kushushia chakula. Na usinidanganye na asali. Asali ya Tabora ni nzuri na hata mimi naipenda, lakini mwilini ni sukari, kwa hiyo usiimimine kwenye chai ukadhani hukuweka kitu. Mawese yetu yana faida ya ile rangi yake nyekundu, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda. Kijiko kwa mboga ya familia kinatosha, si mboga kuogelea. Sahani yako nusu iwe mboga za majani, mlenda wa huko au kisamvu, robo samaki au maharage, robo ugali. Sasa hivi ugali wako ndio nusu, na zaidi. Chipsi mayai za saa tatu usiku, ukitoka kufunga hesabu, nitaziita kwa jina lake: ni njaa ya kutokula mchana. Beba chakula. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye begi vitakuvusha mpaka jioni.

Usingizi, usilale chini ya muda wa saa saba. Na mkeo anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika, kisha unashtuka. Usimkasirikie kwa kuniambia. Mwambie daktari maneno hayohayo, kwa sababu kukoroma kwa namna hiyo na presha hufuatana, na huenda ndiyo maana asubuhi unaamka umechoka.

Ikiwa utaandikiwa dawa, zinywe kila siku saa ileile, na zikikusumbua rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie. Zipo za aina nyingi. Usiache mwenyewe.

Mashine yangu ya kupimia nimempa binamu yako anayepanda treni Alhamisi, nimeweka na betri mpya. Kwenye mfuko huohuo kuna dagaa wasio na chumvi na migebuka mitatu ya kuchoma, mmoja mpelekee jirani yako aliyetusaidia wakati wa msiba. Daftari nimeshalipigia mistari: tarehe, asubuhi, jioni. Anza Ijumaa. Ijumaa inayofuata baada ya sala nitakupigia, unisomee namba zote humo daftarini, kisha uniambie ni siku gani unakwenda Kitete.

Wasalaam,

Mama yako