Harambee ya mipira ya kulishia watoto wetu

Ndugu, jamaa na marafiki, Asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunajua mmeshachoka kuona jina la kikundi chetu cha wazazi kwenye simu zenu. Mwaka jana tu mlituchangia viti vya magurudumu, na leo tumerudi. Aibu tunaiona, lakini shida haina adabu.

Kuna mtoto wetu wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Hawezi kumeza bila kupaliwa, kwa hiyo analishwa kwa mpira uliopitishwa kwenye ngozi hadi tumboni. Mpira wenyewe ni ule wa mkojo, maana ndio tunaoumudu. Kwa ndani una puto dogo linalojazwa maji ili usichomoke. Kwa nje hauna kizuizi chochote, tunaubana kwa plasta. Plasta ikilowa jasho na uji inaachia, tumbo linauvuta mpira kidogo kidogo, na puto linakwenda kukaa pale chakula kinapotokea kuingia utumbo mwembamba. Hapo njia imezibwa.

Ndicho kilichomkuta. Kila alichopewa alikitapika, tumbo likavimba upande wa juu, nyumbani wakadhani malaria. Muuguzi alipobandua plasta, kipande cha mpira kilichobaki nje hakikuzidi urefu wa kidole. Akanyonya maji ya puto kwa bomba la sindano, akauvuta mpira nyuma, mtoto akacheua hewa mfululizo hadi tumbo likanywea. Hakupasuliwa. Tunamshukuru Mungu, ila hatuwezi kuendelea kuishi kwa bahati.

Mpira si chanzo pekee cha tumbo kuziba. Matumbo ya watoto kama huyu huenda polepole, choo hukauka na kujazana, na maziwa yakikorogwa mazito kupita kiasi huweza kuganda bonge. Mzazi mwenzetu unayesoma hapa: mwanao akitapika kijani, au tumbo likawa gumu na choo hakitoki, acha kumlisha na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usilazimishe kwa bomba. Kwa sasa sote tumetia alama ya kalamu kwenye mpira pale unapogusa ngozi, na tunaiangalia kabla ya kila mlo.

Tunachotaka ni mipira halisi ya kulishia, yenye kisahani cha kuizuia nje. Hubadilishwa kila miezi mitatu hadi sita, na watoto ni 14, kwa hiyo kununua mara moja hakutoshi. Pamoja na nauli za dharura, bajeti ni shilingi 4,200,000. Wazazi tumeshachanga 615,000, wengine kwa kuuza vitumbua.

Kwenye kamati za harusi tunaahidi laki mbele za watu, na tunamaliza kulipa kabla ya siku ya ukumbi. Hapa hakuna pilau wala sare, lakini elfu tano yako tutaipokea kwa mikono miwili.

Stakabadhi utapewa. Mapato na matumizi yatasomwa kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, kila mchangiaji anakaribishwa. Tuma kwa namba ya kikundi pekee. Likitokea jina la mtu binafsi, usitume. Mwenye mabomba ya sindano ya mililita 60 au plasta ambazo hazijafunguliwa, azilete Jumamosi kabla ya adhuhuri.

Mweka hazina,
kwa niaba ya wazazi