Kuhusu zile kilo mbili za udi

Kuala Lumpur, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, Khalid mzima, mvua kila siku saa kumi kama imeajiriwa. Salamu za nyumba nzima zimefika, na vijembe vya Bi Time kuhusu chetezo chake pia. Nisamehe kimya, sikuwa na la kukujibu.

Uliniagiza kilo mbili za udi wa harusi ya Rukia, tena "kwa udi na uvumba". Uvumba utaupata Darajani. Udi, shoga, ndio kazi.

Kwanza nilikwenda duka moja mjini, nikauziwa vipande vyeusi kwa bei ya kukata roho. Kufika nyumbani nikalowesha kimoja nione kama kitazama. Maji yakawa kahawa, kipande kikaelea kimebaki cheupe! Vimepakwa rangi. Khalid usimwambie.

Basi juma lililopita tukaenda Tasik Bera, kule Pahang, ziwa la kinamasi lililozungukwa na msitu, wanakoishi Wasemelai, wenyeji wa asili wa huko. Mzee mmoja akatupeleka kuuona mti wenyewe; wao wanauita karas. Asubuhi nzima tunatembea, ruba wamenipanda mpaka kiunoni, maana hauoti pamoja kama mikarafuu yetu. Mmoja hapa, mwengine huko usikokujua, katikati ya miti mirefu ya kila aina. Tukaupata mmoja, mwembamba, gome la kijivu. Nikavuta pumzi nipate harufu. Wapi! Mzee akachonga tawi: ndani mweupe, mwepesi kama msufi, haunukii hata kwa dawa.

Kumbe mti mzima hauna udi. Mpaka mdudu autoboe au tawi livunjike, kuvu iingie kwenye jeraha, ndipo unapotoa utomvu wa kujikinga, na hapo pa jeraha panageuka peusi taratibu, miaka na miaka. Yaani udi ni donda, Mwanaidi. Na sisi tunafukizia kanga!

Mzee anasema wazee wake walikuwa wakiutazama mti kwa nje wakajua, wakikwangua palipoumwa wanauacha usimame. Waliofuata wakaangusha tu, na mingi haikuwa na kitu ndani. Ndiyo maana tulitembea vile. Siku hizi watu wanaipanda mashambani na kuitoboa kwa makusudi.

Halafu akatoa kipande kama ukucha kwenye kifuko cha tumbaku, akakiweka juu ya kaa. Sebule ya marehemu bibi yako, usiku wa Idi, ile... basi tu. Nilishindwa kusema.

Lakini kilo mbili hapana. Mti huu umo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, na msafiri akizidisha kilo moja ya vipande lazima awe na kibali. Na hata hiyo moja, labda tuuze nyumba. Nimenunua gramu mia, wa shambani, huu nimeuchoma mwenyewe kabla ya kulipa.

Sasa niambie: zitatosha usiku wa singo, biharusi akisingwa? Au Bi Time atazipika na sandali na sukari ziongezeke? Harusi bado ni mfunguo mosi, au upande wa mume wamesogeza tena? Na yule kaka yake Rukia, ameshasema na mkwewe? Jibu upesi, Khalid anakuja huko tarehe 14, nimpe mzigo.

Wako,
Saumu

Chetezo ninacho. Mwambie Bi Time kimepata ufa kidogo tu.