Shukrani kwa fundi wa Kimara

Kaka fundi uliyenikuta nimekwama na kipanya changu cha zamani pale Kimara, Barabara ya Morogoro, jina hukunipa, basi nakushukuru hapa mbele za watu.

Gari ilikuwa ikipata moto inazima, ikipoa inawaka. Nilishabadilishiwa plagi na pampu ya mafuta, hela ikaenda bure. Wewe hukukimbilia kufungua kitu. Ulichomoa waya wa plagi, ukausogeza karibu na injini, ukasema, "Piga stata." Hakuna cheche. Ukapima koili, ile inayozalisha umeme mkali wa plagi, kwa testa ya taa: umeme unaingia, ila upande wa hasi taa ya testa haipepesi. Ukaifunika moduli ya kuwashia, kile kifaa cha elektroniki kinachokata na kurudisha umeme wa koili ili cheche itoke, kwa kitambaa chenye maji baridi, tukangoja. Cheche ikarudi!

Ukanikataza kununua koili, ukanielekeza Ilala kwa moduli. Na ile grisi nyeupe uliyopaka chini yake ili joto lihamie kwenye chuma, wengi huiruka, kisha wanalaumu spea. Ukapokea hela ya soda tu.

Mafundi wengine, jamani, pimeni kwanza ndipo mtutume dukani. Na anayemjua kaka huyu amwambie gari inakwenda Mbezi na kurudi kwenye jua la saa saba, haizimi.