Sukari ikae nje ya birika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chai ya asubuhi. Hivi karibuni, katika baridi ya Mwanjelwa, nilimwona mama lishe mmoja akimimina sukari ndani ya birika, kisha chai yote akaihamishia kwenye chupa. Nilipoomba isiyo na sukari, alicheka akaniuliza, "Baba, una kisukari?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa wengi wetu tunadhani kupunguza sukari ni shauri la wagonjwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi (wanaojitetea kwa asali wasikie), isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 12. Anayekunywa vikombe vitatu vyenye vijiko vinne kila kimoja amekwisha kufika huko kabla ya kugusa soda.

Sisemi sukari ni sumu. Anayelima mchana kutwa huko Umalila anaihitaji nishati, lakini nishati hiyo ipo katika viazi na ugali, navyo haviji mikono mitupu kama sukari.

Linaloniuma zaidi ni watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na huo ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Udumavu una sababu nyingi, wala siutwishi sukari mzigo wote. Ila tumbo dogo likishajazwa chai ya rangi yenye sukari tele na andazi, maziwa, maharage na parachichi hukosa pa kuingia, na chai yenyewe huuzuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma yaliyomo katika hayo maharage.

Ninachoomba ni kwamba sukari iwekwe kwenye kopo mezani, kila mtu ajikorogee. Yule mama alinijibu kwamba wateja wataimaliza kwa siku moja, na huenda anawafahamu kuliko mimi, kwa hiyo tukakubaliana atenge chupa mbili. Juzi nimeikuta ya pili, imefungwa kitambaa chekundu shingoni.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya