Shoga yangu, njoo uingie kanisani kwetu

Malindi

Shoga yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Natumai nyumbani nyote hamjambo na mama miguu imempa nafuu. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatusumbua.

Nina ombi, na ni zito kidogo, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kanisa letu la Methodisti limeamua kufungua milango kwa mji mzima, Jumamosi kutwa, bila mahubiri wala sahani ya sadaka. Mtu aingie, atazame, aulize, aende zake. Huko Uingereza makanisa ya Methodisti hufanya hivyo kila Septemba pamoja na majengo mengine ya kale. Utaratibu huo ulianza 1994 na hakuna kiingilio. Mchungaji alipolileta wazo nililipenda papo hapo. Unajua Malindi inavyosimuliwa: mgeni hupelekwa kwenye mnara wa Vasco da Gama, kisha kwenye kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, basi, historia imekwisha.

Akina mama tumekusanya picha za harusi, vitabu vya nyimbo vilivyogugunwa na mchwa, na madaftari ya kale. Lakini kinachonikosesha usingizi ni maelezo ya ukutani. Rasimu ya kwanza ilianza na misheni yetu ya Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na wamisionari Krapf na Thomas Wakefield, ikaendelea na mmisionari mwenzao Charles New aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, ikaishia Golbanti kule Tana, ambako John Houghton na mkewe Annie waliuawa mwaka 1886 Wamaasai walipovamia. Yote ni kweli, na kwetu sisi wenye mizizi Tana hicho kisa cha Golbanti kinauma hadi leo. Ila niliposoma kutoka juu hadi chini sikuona jina hata moja la mtu wa pwani.

Nikaomba kazi ya kuyaandika upya. Shoga, hapo ndipo utaelewa kwa nini nakutaka wewe. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, aliketi na nani? Na kadhi wa Mombasa, sheikh mwenye asili ya Barawa, na Krapf mwenyewe aliandika kumsifu. Mwislamu na mmisionari, kitabu kimoja katikati yao, miaka kumi na minane kabla ya Ribe. Sasa mtazame Wakefield. Mwaka 1870 jumuiya ya wanajiografia ya London ilichapisha maelezo yake ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, hata njia za kwenda ziwa Nyanza. Wakefield hakuzipita njia hizo. Alisimuliwa na Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara kutoka upande wa Gazi, aliyezijua kituo kwa kituo, wapi pana maji na wapi pana hatari. Elimu ile ilikuwa kichwani mwa Sadi, na London ikaipokea kupitia kalamu ya mchungaji. Nimemwandika Sadi kwa herufi kubwa, sawasawa na Wakefield. Nimemwandika na Tofiki, aliyezidi kupanda na New pale Kilimanjaro wenzao walipokwisha kushindwa na baridi.

Kilicholeta mabishano ni habari ya watoro. Mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi yalilimwa na watumwa, hilo twalijua sote ingawa halisemwi barazani. Waliotoroka walikimbilia Fuladoyo huko bara, wengine wakaenda hadi misheni za Ribe na Rabai. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni wapate hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa pwani hii hadi 1907. Mzee mmoja wa kanisa alisema tusiyaguse hayo, kwamba wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa leo ni majirani na wameoana. Nami namheshimu, hakusema kwa ubaya. Lakini mimi naona ni kwa sababu ni majirani ndiyo inafaa waisome habari hii pamoja, mchana, milango ikiwa wazi, kuliko kila mtu kuinong'ona kwao. Mchungaji ameniunga mkono, na karatasi itabandikwa.

Basi ombi langu ni hili. Jumamosi hiyo nitaweka meza karibu na karatasi ile; uje uketi hapo pamoja nami. Wewe ni Mwislamu, umezaliwa katika nyumba kubwa ya Lamu, na una ulimi wa kusema jambo gumu bila kumvunjia mtu heshima. Nikisimama peke yangu, watu watadhani Wakristo wanawashitaki Waislamu, na hiyo siyo nia yangu hata chembe. Tukikaa wawili, atakayekuja na uchungu atamwona wa kwao pale mezani. Ukiona pana sentensi isiyo ya haki katika niliyoandika, ifute. Nakuletea rasimu kwa simu leo jioni, uisome na mjomba wako pia, maana yeye hasahau jambo.

Chumba chako kiko tayari, na swala utasalia hapa nyumbani au msikiti wa jirani, uamuzi wako. Nijibu kabla ya Ijumaa, nijue nikuwekee kiti au nitafute njia nyingine.

Ni mimi shoga yako,
wa Malindi