Video za sanaa ziwataje wachongaji

Kwa Mhariri,

Ninawaunga mkono vijana wanaotumia video fupi na akili unde (AI) kuwaonyesha watu kazi za sanaa ambazo wengi hawangezifahamu, ila kuna jambo moja wanaloliacha nyuma, nalo ni jina la aliyeifanya kazi yenyewe.

Chukua vinyago vya mawe ya Kisii, ambavyo huchongwa Tabaka, katika kaunti ya Kisii, na kuuzwa hapa Kisumu, Nairobi na hata ng'ambo. Jiwe likitoka shimoni huwa laini kiasi cha kukatwa kwa panga. Mchongaji akishalipa umbo, kazi huwafikia wasuguaji, wengi wao wakiwa akina mama, ambao hukisugua kinyago kwa msasa ndani ya karai la maji, wakianza na msasa mkali na kumalizia na ule mwororo, na hapo ndipo rangi ya waridi au ya manjano iliyofichwa na vumbi jeupe hujitokeza. Nusu dakika ya mikono hiyo ikisugua majini ingemnasa mtazamaji yeyote. Hata hivyo, video nyingi ninazoziona huanzia dukani, kinyago kikiwa kimekwisha kupakwa nta, na bei ikishatajwa, video imeisha.

Madhara yake hayaishii kwenye video. Programu za akili unde hujifunza kutokana na maandishi na picha zilizopo intanetini, kwa hivyo haziwezi kumtaja mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwandika. Niliionyesha programu moja picha ya sahani ya Tabaka. Ilinieleza vyema aina ya jiwe, kisha ikasema tu kwamba hiyo ni kazi ya mikono ya Kiafrika. Inasikitisha, kwa maana Tabaka ndiko alikotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Jumba la makumbusho la Uffizi, nchini Italia, lilijiunga na TikTok mwaka 2020, na hata linapofanya mzaha na picha zake, mtazamaji huondoka akijua kuwa mchoraji ni Botticelli au Caravaggio. Sioni kinachoizuia Makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa mwaka 1980, kufanya vivyo hivyo kwa wafinyanzi, wasusi na wachongaji wa eneo hili.

Ninaziomba idara za utamaduni za kaunti za Kisii na Kisumu ziwafadhili vijana warekodi kazi tangu shimoni, kwa idhini ya wachongaji na wasuguaji, na waandike chini ya kila video jina la fundi, kijiji chake na aina ya jiwe, kwa Kiswahili sanifu. Akili unde itumiwe kutafsiri maelezo hayo kwa lugha nyingine, lakini tafsiri ya mazungumzo ya Ekegusii, lugha ya Wakisii, ipitiwe kwanza na mzungumzaji wa lugha hiyo kabla ya kuchapishwa.

Mwalimu wa sanaa,
Kisumu