Barua ya wazi kwa vijana wa elimu maalumu mnaosubiri ajira Dodoma

Wanangu,

Marahaba. Najua tungekutana mngeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa.

Nawaona kwenye daladala za Mtumba, bahasha za kaki mapajani, mkitoka kuulizia majina yatatoka lini. Vyeti vya elimu maalumu mnavyo. Nikiwauliza mtamfundisha nani, wote jibu ni moja: watoto. Si vibaya. Ila mimi watoto niliwafundisha miaka michache tu. Iliyobaki nilikaa na watu wazima wasioona na viziwi, na hao ndio ninaowaombea kwenu.

Shule ya wasioona ya Buigiri ipo tangu 1950, kwa hiyo mtoto wa kwetu asiyeona walau ana pa kupelekwa. Je, yule mama wa Kongwa aliyeishiwa nuru ana miaka hamsini? Vikope, ule ugonjwa wa macho wa kuambukizana, haviondoi macho kwa siku moja. Mtu anaugua utotoni, anapona, anaugua tena, mpaka ukope unajikunja na nywele zake zinakwaruza jicho mwaka hadi mwaka. Giza linamkuta ana wajukuu. Wanawake huumia zaidi, maana ndio wanaoshinda na watoto wenye tongotongo na nzi usoni. Mama huyo alikuwa mkulima wa uwele na karanga, pengine mweka hazina wa kikundi. Leo unamwimbisha "a, e, i, o, u" kama wa chekechea?

Nasema hivyo kwa sababu nilifanya vibaya zaidi. Mwanzoni kabisa nilimshika mzee mmoja mkono bila kumwambia, nikakiweka kidole chake juu ya nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka yanayosomwa kwa kidole, nikasema, "Hii ni a, sema a." Akasema a. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nikamfuata kwake. Akanikaribisha kigoda, tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi zote mpaka zikaisha, ndipo akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hujaniuliza nataka kujua nini." Alitaka kujua mnunuzi wa alizeti anamrudishia noti gani. Tukaweka herufi pembeni wiki mbili, tukapima noti kwa vidole. Noti zetu hazilingani, ya elfu kumi ni kubwa kuliko ya elfu moja, na akishaijua anaikunja kwa namna yake ili isimchanganye mfukoni. Alipomaliza hapo akairudia a mwenyewe, bila kubembelezwa.

Chuoni mmejifunza nukta nundu, lakini sijui kama mmeambiwa habari ya sugu. Kidole kilichoshika jembe miaka thelathini hakisikii nukta. Msimwambie mtu hawezi. Mjaribuni mkono wa pili, vidole vyote, kimoja kimoja, mtakuta kimoja bado kina uhai. Kateni trei ya mayai vishimo sita, mistari miwili ya vitatu vitatu, mtie punje za mahindi, azoee umbo kubwa kwanza. Halafu anzeni na a, b, k na l, kwa sababu zote zinakaa upande wa kushoto tu: nukta ya juu peke yake, ya juu na ya kati, ya juu na ya chini, zote tatu. Kwa herufi hizo nne mtu mzima anasoma baba, kaka, lala, kabla. Sleti, kile kibao cha kuandikia nukta kwa kuchoma karatasi, isubiri. Kwenye sleti unachoma kutoka kulia kwenda kushoto kisha unageuza karatasi usome, na aliyewahi kusoma maandishi ya kawaida hapo huvurugwa kabisa.

Viziwi watu wazima ni habari nyingine. Mwaka 1970, ule Mwalimu Nyerere alioutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nilikuwa binti mdogo nikimsindikiza mama darasani chini ya mti. Shangazi yangu kiziwi alikuwa anakaa nyuma akichambua mlenda. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na alama zake za nyumbani alizotunga na dada yake. Mkikutana na mtu wa namna hiyo leo, msimrukie na Lugha ya Alama ya Tanzania siku ya kwanza. Muulizeni dada yake kwanza, mjifunze za kwao.

Tena fundisheni kitu chenye matumizi. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ili kuifikia, kikundi kinahitaji katiba, muhtasari wa kikao, akaunti. Muhtasari wa kikao ni kitabu cha kusomea kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Na mvua zikinyesha, Desemba mpaka Machi, fungeni darasa mapema kabla halijajifunga lenyewe. Watu wako shamba, hata wasioona.

Sasa mkate. Siwadanganyi: nafasi yenye jina la kazi hii ni nadra. Wengi mtaajiriwa shule ya msingi, na watu wazima mtawapata jioni, au Jumapili baada ya ibada, au kwa kumsumbua Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri mpaka awajue kwa majina. Atakayewaambia mjitolee, mwambieni atoe nauli. Kujitolea bila nauli ni kudanganyana, na wanaoumia ni wanafunzi pale mwalimu anapokatika katikati ya herufi. Mimi mwenyewe niliwahi kukatika hivyo, miezi mitatu, na niliporudi nilikuta nusu yao hawapo.

Walio karibu, Jumamosi asubuhi huwa nina darasa dogo nyumbani kwangu. Njooni mkae, msifundishe kwanza. Ukiingia taja jina lako, na ukitoka aga; kuna mzee pale amechoka kuzungumza na viti vitupu.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Chamwino